Kilemba cha Mwalimu wa Kuchora

Mwaka wa sitini na tisa, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa, na mama akarudi kwao Mbwajumali na wadogo zangu. Mimi sikuchukuliwa. Chomboni nafasi ilikuwapo, wajomba ndio hawakuwa nayo. Nikaachwa Lamu mjini kwa fundi wa nakshi za milango, nifagie vumbi la mbao ili nile. Shuleni nilikuwa nimefika darasa la pili. Sikurudi tena. Kalamu niliyoijua tangu siku ile ni patasi.

Yule fundi hakuwa mtu mwema, na simsingizii wema kwa kuwa ni marehemu. Alinipiga kwa ubao wa kupimia. Lakini nilipoota ndevu niliwabebea waashi mawe ya matumbawe msimu mzima, nikanunua kitambaa cheupe cha kilemba, nikaweka halua na kahawa, nikawaita mafundi wa mtaa mzima. Nikaketi chini mbele yao, nikamkabidhi kilemba mkononi, nikasema, "Nimejifunza kwako." Akakipokea. Hapo ndipo nilipokuwa fundi. Kabla ya hapo kila nilichochonga kilikuwa chake, hata kama yeye siku hiyo alishinda amelala. Hiyo ndiyo kanuni ya karakana zetu. Sikuitunga mimi.

Nayaeleza haya mapema ili ujue kwa nini sikuweza kumlilia Mwalimu wa Kuchora alipolia kwa kukosa udaktari.

Jina lake silitaji. Hata alipokuwapo hatukulitumia. Alikuwa mtu wa bara, mwalimu wa sekondari, akifundisha watoto kuchora, na kwa miaka mingi alikuwa mpangaji wangu katika chumba cha juu cha nyumba yangu ya mtaa wa Wiyoni. Alikuwa mrefu, shingo imetangulia mbele kama mtu anayechungulia kisimani, na mfukoni mwa shati hakosi penseli tatu zilizochongwa kwa kisu changu.

Alikuwa akiisalimu milango kabla ya wenye nyumba. Hili si fumbo, ndivyo alivyokuwa. Akipita mtaani na kuona mlango wa zamani, atasimama, ataweka kiganja juu ya mwimo, ile nguzo ya ubavuni, vidole vitafuata nakshi polepole, midomo ikicheza. Mwenye nyumba akitoka, Mwalimu hamwoni. Siku moja Bi mmoja mtu mzima alisikia mtu anapapasa mlango wake mchana, akauliza kutoka ndani:

"Ni nani huyo?"

Vidole vinaendelea.

"Nauliza ni nani! Huna ulimi?"

"Ninaangalia tu, mama. Mlango huu ni wa ajabu."

"Mlango hauna mato ya kukuona, mimi ninayo," Bi akasema, na akammwagia kutoka juu maji aliyooshea samaki.

Mwalimu alikuja karakanani ananuka, shati limejaa magamba, na neno la kwanza alilosema ni kwamba kizingiti cha mlango ule kina ua lenye petali saba upande mmoja na nane upande wa pili. Hakuuliza yule Bi anaitwa nani. Hakwenda kuomba radhi. Alipita tena wiki iliyofuata, na akapapasa tena.

Ulimi wake ulikuwa mbaya. Darasani alikuwa na desturi ya kubandika ukutani michoro mibovu kichwa chini miguu juu, ili, alivyosema, mwenyewe aone kwamba hakuna tofauti. Binti yangu wa mwisho alifundishwa naye. Alichora ngazi ya nyumba yetu. Mwalimu akauinua ule mchoro mbele ya wenzake akasema, "Huyu ni kuku aliyekanyagwa na punda." Binti akarudi nyumbani hakula. Usiku Mwalimu akashuka kutoka chumbani kwake, akaketi mezani petu, akala wali wetu, akamwambia, "Kesho chora tena." Hakuwa amekumbuka kwamba kulikuwa na jambo la kusameheana.

Mke wangu alisema, "Mtu huyu hana ubaya, ana upofu." Mimi nikasema ana ubaya. Sasa nadhani alikuwa navyo vyote viwili.

Na bado, alikuwa na mambo yake. Yeye ni Mkristo, na Ramadhani haimhusu, lakini mchana wa Ramadhani hakuwahi kutia hata tone la maji kinywani akiwa karakanani. Nilimwambia, "Mwalimu, wewe kunywa chai yako, hakuna atakayekuchukia." Akajibu, "Ili mje mseme nilikuwa na nguvu za kuchonga kwa sababu nilikunywa chai?" Ikifika alasiri na Athmani, fundi wangu wa kwanza, anasinzia juu ya randa, Mwalimu humtupia kipande cha mbao: "Amka, Bwana! Mimi sitarajii pepo kwa njaa hii na bado nachonga."

Athmani naye hakuwa wa kunyamaza. "Mwalimu, wewe pepo utaipata wapi? Hata huko utapapasa mlango, usisalimie mtu."

Alikuja karakanani kwangu kama mtu wa kutazama. Baadaye akaomba patasi. Nilimpa patasi butu, kama nilivyopewa mimi. Wengi wenye vyeti hurudisha patasi kabla ya mwezi kwisha. Yeye alichonga na ile butu hadi kiganja kikapasuka, akakifunga kitambaa, akaendelea. Kila Jumamosi, kila likizo, miaka. Lazima niseme kweli hapa kama nitakavyoisema mbele: mkono wake ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko wa Athmani, na Athmani anajua. Kwangu alichonga sanduku, akachonga kiti cha enzi kile cha kuegemea, na mwisho akachonga mlango kamili wa mbao ngumu ya mbambakofi, fremu na mbao zake mbili na mfaa, nguzo ya katikati. Mlango ule mtu akiutazama husahau alichokuwa akienda kufanya.

Mbao zangu, patasi zangu, paa langu, na mimi nikisimama nyuma ya bega lake kumwambia hapa umekata sana, hapa rudi.

Siku ulipokwisha mlango ule nilimwambia, "Sasa Mwalimu, lete kilemba."

Akacheka. "Mimi sivai vilemba, Mzee."

"Hukivai wewe. Unanipa mimi. Mbele ya mafundi. Unasema umejifunza kwangu."

"Kila mtu anajua nimejifunza kwako."

"Basi si vigumu kulisema."

Akafikiri kidogo. Akatoa simu. "Niambie kinauzwa kiasi gani nikutumie. Utakinunua mwenyewe kile unachopenda."

Athmani alitemea mate kwenye vumbi la mbao. Kilemba hakitumwi kwa simu. Mtu anakileta kwa mikono yake, anaketi chini, anaonekana ameketi chini. Hilo ndilo lililomshinda. Si bei ya kitambaa. Alikuwa mtu aliyeketi juu ya kiti mbele ya watoto arobaini na kuwabandika kichwa chini, asingeweza kuketi chini mbele ya wanaume sita waliovaa kikoi. Tukaendelea hivyo, yeye akija, mimi nikimwita Mwalimu, wengine wote nikiwaita Fundi. Aliisikia tofauti. Alijifanya haisikii.

Sasa habari ya udaktari.

Shuleni walimu wa hesabu na kemia walimwita "wa rangi". Darasa la kuchora lilikuwa linapungua watoto kila mwaka, na mkuu wa shule alishamwambia kwamba likifungwa atahamishwa bara, akafundishe somo lingine lolote lenye pengo. Akapata habari ya chuo kikuu kimoja cha mbali, kinatoa udaktari wa sanaa na usanifu kwa watu wa kazi: unasoma nusu ya muda, unaendelea kufundisha, ada wanalipa wao na posho wanakupa juu yake. Miaka sita. Kwa mtu wa kuchora, nafasi ya namna hiyo haiji. Alinieleza kwenye ngazi, anapumua kama aliyekimbia.

"Wakinichukua, Mzee, hakuna atakayenihamisha. Nitakaa Lamu. Nitachonga, na kuchonga kwangu ndiko kutakuwa masomo yangu. Unaelewa? Sitakuwa wa rangi tena."

"Na ukishakuwa daktari utamtibu nani?"

"Usifanye mzaha."

Hakikuwa kitu cha kufanyia mzaha kwake. Aliomba mara ya kwanza, wakamkataa. Akaomba tena, wakamkataa kwa maneno mazuri zaidi. Kila akikataliwa aliwararua watoto darasani wiki nzima. Mara ya tatu aliwapelekea picha za sanduku, kiti na mlango, maana walitaka kuona kazi za mwombaji mwenyewe, kazi ambazo ndizo zitakazozaa utafiti wake. Hapo wakaamka. Wakasema watazungumza naye kwa video, na wangependa azungumzie mahali kazi zinapofanyika, na watu waliopo wawepo.

Asubuhi ya mazungumzo alikuja mapema akafagia karakana yangu. Mimi niliyeanza maisha na ufagio ule nikamtazama anafagia. Akaondoa birika la chai la Athmani, akaficha kalenda, akausimamisha mlango ukutani upate mwanga. Akatupanga nyuma yake kwenye benchi kama bidhaa. Alivaa shati jipya. Penseli tatu.

"Wakiuliza kitu, nitajibu mimi," akasema.

"Na wakituuliza sisi?" akauliza Athmani.

"Tabasamuni."

Kwenye kompyuta wakatokea watu watatu. Wawili Wazungu, na mmoja mama, profesa, mwanamke wa bara kwa sauti yake. Mwalimu akazungumza Kiingereza muda mrefu. Alizungumza vizuri, nilijua kwa namna mabega yake yalivyoshuka. Kisha akatugeukia, akanyoosha mkono kwetu kama anayeonyesha samani, na kwa Kiswahili, ili na sisi tufurahi, akasema:

"Na hawa, Profesa, ndio mikono yangu. Mimi nafikiri, wao wananisaidia kutenda."

Athmani alinitazama. Mimi sikumtazama.

Yule profesa akasema, "Mzee uliyeketi katikati, shikamoo."

"Marahaba."

"Mlango huo mzuri ulio nyuma yenu, ni kazi ya nani?"

Mwalimu alianza kujibu. Profesa akamkata, "Nimemwuliza mzee."

"Kazi yangu," nikasema.

"Na kile kiti tulichokiona pichani?"

"Changu."

"Na sanduku?"

"Langu."

Profesa akavua miwani. "Sasa Mwalimu alifanya nini?"

"Alichonga."

"Alichonga nini?"

"Vyote hivyo. Mkono ni wake. Sikumpunguzia."

"Mzee, nisaidie. Kama amechonga yeye, vinakuwaje vyako?"

"Hajatoa kilemba."

Akaomba nieleze. Nikaeleza, kama nilivyokueleza wewe, bila kuongeza chumvi. Mwalimu alikuwa anacheka kicheko kidogo, kikavu. "Ni mila tu, Profesa. Mambo ya zamani."

"Ulijua mila hiyo?"

"Nilijua."

"Na ulipotuandikia kwamba kazi hizi ni zako, ulitueleza kwamba karakana haioni hivyo?"

Mwalimu akazigusa penseli zake mfukoni. Wakasemezana wao kwa wao Kiingereza. Kisha yule mama akamwambia taratibu kwamba hawawezi kumpa mtu ufadhili kwa kazi ambazo mwenye karakana anasema ni zake. Fedha zao zilikuwa zimebaki za mwaka mmoja tu ujao. Aombe tena mwaka huo, wa mwisho, akiwa na kazi zisizo na ubishi. Kompyuta ikawa nyeusi. Ndani yake tukajiona sote tumeketi kwenye benchi, na yeye mbele yetu.

"Umeniua, Mzee."

"Hujafa. Umesimama."

"Ungesema neno moja tu. Moja!"

"Nimesema neno moja. Hukulipenda."

"Kwa sababu ya kitambaa!"

"Kwa sababu ya kuketi chini. Na mikono yako ndiyo hii, imeketi hapa. Mbona haikukusaidia?"

Athmani akacheka mpaka akashika ubavu. Mwalimu akatoka, akasahau kompyuta. Alikuwa akilia. Alilia wazi kabisa njia nzima hadi Wiyoni, watu wakimpisha.

Usiku mke wangu akaniambia, "Ungeweza kusema huyui mlango ni wa nani."

"Nayua."

"Ungeweza."

"Mimi nilibeba mawe, Bi. Mimi nikiwa na njaa nilibeba mawe ili niketi chini. Yeye anakula mshahara."

Akanipa mgongo. Aliyemkasirikia ni mimi, wala hakuficha. Siku zilizofuata alimpelekea Mwalimu chakula juu kwa mkono wake mwenyewe, na changu akiniachia jikoni kimefunikwa. Sikubadili neno. Leo ukiniuliza mlango ule ni wa nani nitakujibu vilevile.

Mwalimu hakuja tena karakanani. Nilisikia ameomba mbao kwa fundi mwingine, akafukuzwa, maana habari ilishazunguka: mtu asiyemtolea bwana wake kilemba hapokewi na mwingine. Akanunua patasi zake, akajaribu kuchonga chumbani juu. Tulimsikia akigonga. Kisha hatukumsikia. Alikuwa na kisukari siku nyingi na alikidharau kama alivyowadharau wengine. Kikamwangusha, akapelekwa bara hospitali. Alikaa huko miezi. Shule ikafunga darasa la kuchora akiwa kitandani.

Nilimwona mara ya mwisho siku aliyorudi kuchukua vitu vyake. Mashua ya Mokowe, ile itokayo bara, ilimshusha asubuhi, na hakwenda Wiyoni kwanza. Alikuja karakanani. Amekonda, shingo imezidi kutangulia. Chini ya kwapa alikuwa na kifurushi, na nyuma yake kijana wa hoteli amebeba halua na birika la kahawa. Mafundi alikuwa amekwisha kuwaita yeye mwenyewe, kwa simu, mmoja mmoja. Wakaja wote, wa mtaa mzima, hakukosa mtu. Jambo kama hilo hakuna wa kulikosa.

Athmani akanong'ona, "Yeo kuna harusi."

Mwalimu akaketi chini. Ilimchukua muda, magoti yalikataa. Akakifungua kifurushi, kilemba cheupe, kizuri kuliko nilichokitoa mimi. Akakiweka mikononi mwangu.

"Nimejifunza kwako," akasema. "Kila nikijuacho katika mbao nimejifunza kwako, mbele ya hawa."

Nikakipokea. Nikasema, "Nimepokea, Fundi." Mafundi wakaitikia, kahawa ikamiminwa. Niliona uso wake ulipoisikia ile Fundi. Kama mtu aliyekanyaga nchi kavu.

Hapo akatoa simu. "Sasa, Mzee wangu, maombi yanafungwa mwisho wa mwezi. Profesa anangoja sauti yako tu. Mwambie. Mlango, kiti, sanduku."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni vyangu."

"Kuanzia yeo kila utakachochonga ni chako. Hakuna wa kukugusa."

"Na vile?"

"Vile vilichongwa na mwanafunzi. Kilemba hakirudi nyuma, Fundi. Changu hakikurudi. Kuna milango mitano mjini humu niliichonga mimi, na mpaka kesho inaitwa ya bwana wangu."

Akawatazama mafundi mmoja mmoja. Wakatazama vikombe vyao. Hata Athmani hakuwa na mzaha. Wote walijua ndivyo.

"Mzee," akasema, "sina muda wa kuchonga mlango mwingine."

"Chonga kidogo. Ubao mmoja. Wenye akili watauona mkono."

Nikampa kipande cha mbambakofi na patasi, kali safari hii, ya kwangu mwenyewe. Akaishika. Akaanza ua, lile la petali saba. Kipigo cha kwanza kilipita vizuri. Cha pili patasi iliteleza, naye akaendelea, akaendelea tena, akiusukuma ubao kwa kidole cha shahada, amekunja uso kwa makini kama zamani.

Athmani akasema, "Fundi, damu."

Ubao ulikuwa umelowa. Mwalimu akatutazama, akatafuta katika mikono yetu, mtu baada ya mtu.

"Ya nani?" akauliza.

Mwisho akainua mkono wake mwenyewe akauona. Kidole kilikuwa kimepasuliwa hadi mfupa, na uso wake haukubadilika, maana haukuwa na habari. Kisukari kilikuwa kimekwisha chukua vidole vyake, kikamwachia umbo lavyo tu.

Mke wangu, aliyeitwa kutoka nyumbani, ndiye aliyemfunga kidole, na ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye mashua. Mimi nilibaki karakanani. Aliniambia kwamba njiani hakunitukana. Alisimama mara moja tu, kwenye mlango wa yule Bi wa maji ya samaki, akaweka kiganja kwenye mwimo. Akakaa hivyo. Kisha akabisha hodi, akamwamkia mwenye nyumba.

Leo ninayo nyumba moja Wiyoni, chumba cha juu ni kitupu. Karakana moja, imelipiwa. Shamba la minazi Mbwajumali, nililinunua kwa wajomba. Patasi, sijapata kuzihesabu. Sanduku moja. Kiti kimoja cha enzi. Mlango mmoja wa mbambakofi, siuuzi. Ubao mmoja wenye ua lisilokwisha. Kilemba kimoja cheupe, sijakivaa.